Uzi: "Utafiti unaonyesha..." Sawa, lakini shosho mwenyewe aliulizwa?

Kila msimu wa siasa kuna sentensi mbili zinazoua mjadala kabla haujaanza. Ya kwanza ni "utafiti unaonyesha". Ya pili ni "hatuna data ya kutosha". Juzi nilizisikia zote mbili katika kipindi kimoja cha redio kuhusu maslahi ya wazee, kutoka kwa watu wawili wanaokitaka kiti kimoja. Sitawataja, wala vyama vyao. Mnajua sheria ya uzi huu: tunafungua hoja, hatufungui watu.

Leo tunazifungua hizo sentensi mbili kwa kutumia ugonjwa mmoja tu, demensia. Huku kwetu Murera wengi wanauita kusahau kwa wazee na kuishia hapo. Chukueni chai, ni ndefu.

Tuanze na maana, kwa sababu nusu ya ubishi huko kwenye komenti hutokana na neno. Demensia si uzee. Ni hali inayoletwa na magonjwa yanayoharibu ubongo, Alzheimer ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, na nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, kwa mfano baada ya kiharusi. Mtu husahau, ndiyo. Lakini pia hupotea kwenye njia aliyoipita miaka 40, hushindwa kuhesabu chenji, hubadilika tabia, hukasirikia watu anaowapenda. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wanaishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hivyo ile hoja ya "huo ni ugonjwa wa wazungu" tuiweke kando mapema.

Sasa, hii inaingiaje kwa siasa?

Inaingia kwa mlango wa bajeti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliweka huduma nyingi za afya mikononi mwa kaunti. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti, hizo ni za gavana na bunge la kaunti. Na bajeti ina tabia moja: haitengi pesa kwa kitu ambacho hakijahesabiwa. Malaria ina hesabu yake. Chanjo ina hesabu yake. Shosho anayeamka saa nane usiku akitaka kwenda kuchuna kahawa kwenye shamba lililouzwa zamani, huyo hana hesabu. Kwa hivyo mtu akisema "hatuna data ya kutosha" anasema ukweli, lakini ni ukweli wa kujificha nyuma yake. Swali linalofuata huwa haliulizwi: kwa nini hamna? Na hizo kidogo zilizopo, zilitoka kwa nani?

Jibu fupi ni kwamba mara nyingi huyu mgonjwa huachwa nje makusudi, na wakati mwingine kwa nia nzuri kabisa.

Nieleze. Utafiti wowote halali Kenya hupita mahali pawili. Kuna leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Na kuna kamati ya maadili ya utafiti, ile inayosoma mpango mzima na kuuliza kama watu watakaoshiriki wanalindwa. Kamati ikiona "watu wenye shida ya akili" inashtuka, na ina haki kushtuka, kwa sababu historia ya utafiti duniani imejaa watu wasioweza kujitetea waliofanyiwa mambo ya ajabu. Mtafiti naye akijua kamati itashtuka, na ana muda mdogo na pesa za mfadhili zinazoisha Desemba, anachagua njia rahisi. Anaandika: wasioweza kutoa ridhaa hawatahusishwa. Kwa sentensi moja hiyo, shosho ameondoka. Kisha anaulizwa binti yake au mkaza mwana wake, na majibu ya binti yanaandikwa kama maisha ya shosho.

Njia nyingine rahisi ni kuchukua tu wale ambao ugonjwa ndio umeanza, wamesoma, wanaishi mjini na wanaweza kujaza fomu. Hao ni binadamu pia, wana haki zao. Lakini matokeo yake yakitangazwa kama "hali ya wazee wa Kenya", hapo tunadanganyana.

Sheria inasema nini? Wengi hapa mnapenda kifungu, basi shikeni. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji wa kadiri inayofaa kutoka kwa familia na kwa serikali. Someni tena: familia NA serikali. Kisha kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008. Kwa kifungu cha 2(6) cha Katiba, mkataba tulioridhia ni sehemu ya sheria zetu. Mkataba huo, kifungu cha 12, unamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine, na unadai asaidiwe kuutumia. Kifungu cha 15 kinakataza mtu yeyote kufanyiwa jaribio la kitabibu au la kisayansi bila ridhaa yake huru.

Ukivisoma pamoja, vinakataa mambo mawili kwa mpigo. Huwezi kumfanya mgonjwa panya wa maabara. Wala huwezi kumfuta kwa kisingizio cha kumlinda.

Kuna pia Azimio la Helsinki, ile kanuni ya madaktari wa dunia kuhusu utafiti kwa binadamu, iliyopitishwa mara ya kwanza 1964 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Linasema kwamba mtu asiyeweza kutoa ridhaa mwenyewe, anaombewa kwa mwakilishi wake wa kisheria, LAKINI akionyesha kukataa, kukataa kwake kuheshimiwe. Hiki kipengele nakipenda. Maana yake ni kwamba kama kijana ameweka sahihi na mama anageuza uso kila mara yule dada mwenye tableti anapokaribia, kikao kimekwisha. Sahihi ya kijana si ufunguo wa mlango wa mama.

Watu hudhani uwezo wa kuamua ni kama stima, ipo au haipo. Si hivyo. Mtu anaweza kushindwa kuelewa mkataba wa kuuza ploti na bado akajua vizuri kabisa kama anataka kuongea na wewe leo. Wengi huwa sawa zaidi asubuhi, jioni inapofika wanachanganyikiwa. Kwa hivyo watafiti wanaojua kazi yao huja asubuhi, huongea kwa lugha ya mama, hutumia sentensi fupi na picha, huuliza upya kila wanaporudi badala ya kusema "ulishakubali mwezi jana". Inachukua muda. Inagharimu. Ndiyo maana inapaswa kuwa kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, si huruma ya mtafiti mmoja mwenye moyo.

Sasa tufike mahali penye utamu wenyewe, yaani maswali.

Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitengenezwa kwa watu waliokaa darasani. Unaambiwa uandike sentensi. Unakili mchoro wa pembe tano mbili zilizokatana. Utoe saba kutoka mia, na saba tena, na saba tena. Mpe hicho kipimo mama wa miaka 82 ambaye maisha yake yote amelima, amelea watoto tisa, hajawahi kushika kalamu isipokuwa kuweka alama siku ya kura. Atafeli. Hajaugua chochote, ila karatasi itasema ameugua. Na yule mwalimu mstaafu wa jirani, ambaye kweli ameanza kuugua, atapita, kwa sababu miaka 30 ya ubao inambeba.

Majirani zetu wa Tanzania walilifanyia kazi hili. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walienda nyumba kwa nyumba kuwachunguza wazee wa miaka 70 na zaidi, karibu 1,200 kwa jumla, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yakakadiria kwamba takriban asilimia 6.4 ya wa umri huo walikuwa na demensia. Idadi ya kukaribiana na ile ya nchi tajiri. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanasema Waafrika hawaugui hivi. Halafu katika eneo hilohilo kikatengenezwa kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, ambacho hakihitaji kusoma wala kuandika. Taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Daraja ni nini? Leo ni siku gani? Panga njiti za kiberiti kama hivi nilivyopanga. Kumbuka maneno haya. Kiongozi wa kijiji hiki ni nani?

Hilo la mwisho ndilo ninalowapa kama mfano nikiongea kuhusu ushirikishaji. Kule Hai, kijijini, kiongozi anajulikana. Lileteni hapa Murera. Nusu ya watu walionizunguka walinunua ploti za hamsini kwa mia, wakajenga, wakahamia na wazazi waliowatoa Nyeri, Murang'a, Machakos, Kisii. Mzee analetwa kuishi kwa mwanawe ndani ya geti. Muulize naibu chifu ni nani! Hata mimi kuna majirani zangu wa miaka 35, akili timamu, digrii mbili, hawamjui naibu chifu wala mwakilishi wa wadi. Kwa hivyo swali zuri la Hai linaweza kuwa swali baya la Murera. Na atakayekwambia hivyo mapema si profesa. Ni mzee mwenyewe, au yule anayekaa naye kutwa. Ukiwaita kabla ya kuchapisha fomu, unaokoa utafiti mzima. Ukiwaita baada, unawaita kupiga picha.

Hata Nyeri, hapa tu juu, kulifanyika uchunguzi wa demensia kwa wazee wa Kikuyu ukitumia kipimo kilichotafsiriwa kwa lugha yao, na ulichapishwa 2010. Kwa hivyo mtu asikuambie kwenye mjadala kwamba huku Mlima hakujawahi kuulizwa kitu. Mwambie kuulizwa kumeanza, sasa tunataka kushauriwa.

Tofauti ya kuulizwa na kushauriwa ndiyo uzi wote huu. Kuulizwa ni mimi kujibu maswali yako. Kushauriwa ni mimi kukaa mezani swali linapotungwa, pesa zinapogawanywa, na matokeo yanapotafsiriwa.

Kenya tuna mfano. Kati ya 2018 na miaka michache iliyofuata kulikuwa na mradi uitwao STRiDE, ulioongozwa kutoka London School of Economics, katika nchi saba: Brazil, India, Indonesia, Jamaika, Kenya, Meksiko na Afrika Kusini. Upande wa Kenya uliendeshwa na Africa Mental Health Research and Training Foundation, na ndani ya timu kulikuwa na Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, shirika ambalo mwanzilishi wake, Elizabeth Mutunga, aliingia kwenye jambo hili kwa sababu baba yake aliugua. Yaani familia ya mgonjwa ilikuwa ndani ya chumba. Kazi ya mashinani ilifanyika Kaunti ya Makueni, na moja ya mambo yaliyojaribiwa ni namna ya kupunguza unyanyapaa kupitia wahudumu wa afya wa kijamii.

Unyanyapaa. Angalieni lililochaguliwa. Kampuni ya dawa ingechagua dawa. Familia zinajua kwamba kabla ya dawa kuna jirani anayesema "huyo mama amerogwa", au kibaya zaidi, "huyo mama ndiye mchawi". Pwani, Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hadi kukawa na kituo cha kuwaokoa huko Kaya Godoma. Dalili kama kutembea usiku na kuongea peke yako, katika kijiji kisichojua neno demensia, ni hukumu.

Uingereza nako, mwaka 2013, Alzheimer's Society ilishirikiana na James Lind Alliance kuwauliza wagonjwa, watunzaji na wahudumu wa afya: mnataka watafiti wajibu nini? Swali lililopanda juu kabisa lilihusu aina ya utunzaji inayomwezesha mgonjwa kuendelea kujitegemea kadiri awezavyo. Na Scotland, kundi la wagonjwa wenyewe lililoanza 2002 lilitoa 2014 kanuni zao za jinsi ya kuwahusisha katika utafiti. Wagonjwa wenyewe, watu wenye demensia, waliandika kanuni. Yule aliyewaambia kwamba mgonjwa wa kusahau hana la kusema hajawahi kumsikiliza.

Kuna kosa hapa ambalo hata wanaharakati wetu hulifanya: kuwaweka mgonjwa na mtunzaji katika kapu moja. "Tumewashirikisha wagonjwa na familia." Si kitu kimoja jamani!

Nina jirani, sitasema nyumba gani, anayemtunza mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa mfanyakazi wa shamba la kahawa huku, enzi zile Ruiru na Juja zilikuwa kahawa na mkonge hadi macho yachoke. Aliishi kwenye laini za wafanyakazi. Laini hazipo, shamba halipo, kuna geti na ukuta na fleti. Kila jioni mama anafunga leso na kusema anaenda nyumbani. Mkaza mwana anataka kufuli kubwa na usingizi wa saa sita mfululizo. Mama anataka kutembea hadi pale palipokuwa na laini. Watafiti wakija na fomu, hili litawekwa kwenye kisanduku cha "kuzurura". Jirani yangu analiita mateso. Mama analiita kwenda nyumbani. Maneno matatu kwa jambo moja, na kila neno lina sera yake: kufuli, mtu wa kumpokea mtunzaji zamu, au njia salama ya kutembea na mtu wa kuongozana naye. Ukimuuliza mmoja tu, utapata sera moja, na utaapa kwamba "utafiti unaonyesha".

Walikuja watafiti kwake kweli, wakati fulani, wa taasisi ambayo nayo haina haja ya kutajwa. Kikao saa mbili. Wakamshukuru. Jibu hakuliona hadi leo. Aliniambia, "Walinihoji kama shahidi wa ajali." Hana hasira hata, amechoka tu.

Tuongee pesa basi, maana hapa ndipo wanasiasa wanapaswa kubanwa. WHO inasema wanawake hutoa karibu asilimia 70 ya saa za utunzaji wa watu wenye demensia. Si mshahara huo, ni saa. Huku kwetu ni binti aliyeacha kibanda, mkaza mwana aliyeacha kibarua, mjukuu aliyeacha kozi. Ruzuku ya Inua Jamii kwa wazee ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na lazima uwe umefika miaka 70. Demensia haisubiri miaka 70. Nepi za watu wazima peke yake zinamaliza hiyo pesa kabla mwezi haujafika katikati, muulizeni yeyote anayenunua. Na mtunzaji hana fungu lake hata.

Sasa mwite huyo mtunzaji kwenye "warsha ya wadau" hotelini Nairobi saa tatu asubuhi. Nani atabaki na mgonjwa? Nauli ya Thika Road asubuhi nani analipa? Siku ya kazi iliyopotea je? Ndiyo sababu warsha hujaa watu wale wale wenye kadi za majina shingoni. Ushirikishaji wa kweli hulipa nauli, hulipia mtu wa kukaa na mgonjwa, na hufidia muda. Wapo wanaosema kulipa ni kununua majibu. Hofu hiyo ina msingi, na kamati za maadili huangalia kiasi kisiwe cha kumlazimisha maskini. Lakini profesa analipwa, dereva analipwa, hoteli inalipwa. Wa bure ni mmoja tu, na ndiye mwenye habari.

Hoja ya pili mtakayokutana nayo: "Data zetu zinapelekwa nje." Msiicheke. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya katika kundi la data nyeti, na kuna Kamishna wa Kulinda Data wa kupelekewa malalamiko. Una haki kujua damu au picha ya ubongo ya baba yako inaenda wapi, itakaa miaka mingapi, na nani ataitumia tena. Lakini kujifungia ndani nako kuna bei. Dawa mpya za Alzheimer zilizoidhinishwa Marekani miaka hii ya karibuni, kama lecanemab, zilijaribiwa kwa watu weusi wachache mno. Zikifika hapa siku moja, daktari wako atakuwa anakisia. Kukataa kutumiwa si lazima kuwe kukataa kuwepo.

Hoja ya tatu: "Kuna saratani, kuna figo, kuna vijana hawana kazi, nyinyi mnaleta kusahau." Hii huwa inapata makofi sana kwenye mikutano. Jibu langu ni kwamba huyo kijana asiye na kazi, katika nyumba nyingi ninazozijua, ndiye anayekaa na guka mchana.

Na mtu asiseme haiwezekani kushirikisha watu wa kawaida. KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi wana miaka mingi ya kufanya kazi na wawakilishi wa jamii, watu wa vijijini wanaochaguliwa na wenzao kuongea na watafiti. Si kamilifu, nimesikia malalamiko yake pia. Ila kipo, na ni cha hapahapa Kenya. Huku kwetu tuna chuo kikuu cha JKUAT pale Juja, tuna hospitali ya Thika Level 5, na tangu 2023 tuna wahamasishaji wa afya ya jamii wenye vifaa na simu wanaoingia nyumba kwa nyumba. Mhamasishaji wa mtaa wangu anajua nyumba zote zenye mzee anayesahau. Hajaulizwa tu, kwa sababu fomu yake inauliza shinikizo la damu na sukari.

Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani, upande wowote, akasema "utafiti unaonyesha", msipige kelele. Muulizeni ulifanyika wapi. Muulizeni kama kulikuwa na mtu mwenye demensia kati ya waliotunga maswali, au kama walioongea walikuwa jamaa zake tu. Wasiojua kusoma walipimwa na nini? Matokeo yalirudishwa kwa waliohojiwa, kwa lugha gani? Na akisema "hatuna data", muulizeni ametenga shilingi ngapi kuitafuta. Hilo huwa linawafanya wanywe maji.

Mwisho, tarehe, kwa sababu ushirikishaji wa umma wa kaunti una kalenda. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Memoranda ya maandishi hupokelewa hata kama hukufika ukumbini. Ukingoja hadi Aprili umechelewa, mambo mengi yameshafungwa Februari.

Mimi naandika ya Murera. Ninaomba mambo matatu: swali la kusahau liongezwe kwenye fomu ya wahamasishaji wa afya, likiwa limejaribiwa kwanza na wazee na watunzaji wa hapa, chuo au hospitali yoyote inayofanya utafiti wa wazee katika kaunti irudishe matokeo kwenye baraza la eneo ilikoyatoa, na kikao cha ushirikishaji kuhusu wazee kiwe na nauli na mtu wa kukaa na mgonjwa.

Kama uko Murera, Theta, Witeithie, Kalimoni au Juja na unamtunza mtu nyumbani, huwezi kutoka, nitumie sauti inbox. Dakika moja inatosha. Kama mgonjwa mwenyewe anaweza na anataka kuongea, mrekodi yeye, si wewe ukimsemea, na kama amekataa achana naye. Nitaandika maneno kama yalivyosemwa, bila jina, kwa Kikuyu, Kiswahili au Kikamba. Jirani yangu ameshatuma ya kwake. Ya mama mkwe wake ina sekunde kumi na moja, anauliza kama magari ya kahawa yameshapita.